Kuchanganya Metali: Kufundisha Kioo na Kutu kwa Vifaa vya Jikoni

Katika silabasi ya kemia, mada ya aloi ni miongoni mwa zile ambazo walimu wengi huzimaliza upesi. Mwalimu huandika ubaoni kwamba aloi ni mchanganyiko wa metali na elementi nyingine, hutoa mifano mitatu au minne, kisha husema kwamba uchanganyaji huongeza ugumu na huzuia kutu. Wanafunzi hunakili na kukariri, na mada huwa imekwisha. Swali lililo kubwa kuliko yote, yaani kwa nini kuongeza kitu kidogo hubadili tabia ya kitu kikubwa, halikuulizwa wala halikujibiwa. Makala hii yakusudia kumsaidia mwalimu kulijibu swali hilo akitumia mfano wa metali za kioo, na kumwonyesha jinsi somo hilo liwezavyo kufundishwa mahali pasipo na maabara kamili.

Chanzo cha makala hii

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilimtembelea mwanachuo mmoja katika shule ya sekondari upande wa Kwashemshi. Alikuwa akifundisha aloi. Somo lilikwenda kwa utaratibu mzuri, na mimi niliyekaa nyuma ya darasa na fomu ya tathmini mkononi nilikwisha kumpa alama za juu. Karibu na mwisho wa kipindi alisema, "Chuma kikichanganywa na kromiamu hupata stenlesi, nayo haishiki kutu kamwe."

Msichana mmoja akanyosha mkono. "Samahani, Mwalimu. Nyumbani tuna kijiko cha stenlesi. Hukaa ndani ya kopo la chumvi. Kimeshika kutu, tena kina vishimo vidogo vidogo."

Darasa likacheka. Mwanachuo akajibu, "Basi hicho si stenlesi ya kweli," akaendelea na muhtasari. Nami, msomaji, niliafiki. Sikuandika neno lolote juu ya jibu hilo, kwa sababu nilidhani ni sahihi. Usiku ule nilipokuwa nikisoma upya maelezo yangu nilitambua kwamba mtoto alikuwa amefanya lile tunalomhimiza kila siku: alitazama, akalinganisha alichokiona na alichoambiwa, akauliza. Sisi watu wazima wawili tulikikanusha kijiko ili kuinusuru kanuni. Kosa hilo ndilo lililonituma kusoma zaidi.

Metali kama fuwele

Yafaa tuanze na jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita. Metali ya kawaida, kama msumari au sufuria, ni mkusanyiko wa fuwele. Metali iliyoyeyuka ikipoa, atomi zake hujipanga safu kwa safu, kama mimea ya mkonge iliyopandwa kwa kamba. Upangaji huanza mahali pengi kwa wakati mmoja, na kila kundi hujipanga kwa mwelekeo wake. Makundi hayo yakutanapo, safu hazilingani, panabaki mpaka. Msumari mmoja una mipaka ya namna hiyo isiyohesabika.

Kioo cha dirishani si hivyo. Atomi zake zimeganda bila kujipanga, katika fujo ileile iliyokuwamo zilipokuwa majimaji. Basi neno "kioo" katika sayansi halina maana ya kitu kinachopitisha mwanga tu. Lina maana ya kitu kigumu ambacho atomi zake hazina safu. Metali nayo yaweza kuwa kioo, ingawa macho huiona iking'aa kama metali nyingine yoyote.

Mwaka 1960 Pol Duwez na wenzake huko California, Marekani, walirusha matone ya dhahabu iliyochanganywa na silikoni juu ya shaba baridi, yakapoa kwa kasi ya kiasi cha nyuzi milioni moja kwa sekunde. Atomi hazikupata nafasi ya kujipanga. Hiyo ndiyo metali ya kioo ya kwanza kupatikana kwa kugandisha myeyuko. Kati ya atomi 100 za mchanganyiko wao, 75 zilikuwa za dhahabu na 25 za silikoni.

Kwa nini hawakutumia dhahabu tupu? Kwa sababu metali tupu hujipanga upesi mno. Hata mwaka 2014, watafiti walipofaulu kupata kioo cha metali moja tupu kutoka katika myeyuko, iliwabidi kuipoza kwa kasi ya kiasi cha nyuzi milioni mia kwa milioni moja kwa sekunde, tena katika chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Kinachozuia safu ni kile kilichoongezwa.

Kazi ya kwanza ya kiongezwa: kuzuia safu

Sababu ni tatu, nazo zaweza kufahamika na mwanafunzi wa kidato cha pili.

Ya kwanza ni ukubwa wa atomi. Atomi zikiwa za ukubwa mmoja hujipanga kwa urahisi. Zikitofautiana, ndogo huingia katika nafasi zilizo baina ya kubwa na kuvunja utaratibu. Ndiyo maana chuma huongezewa fosforasi, kaboni, boroni au silikoni, zote zikiwa na atomi ndogo kuliko za chuma. Aghalabu viongezwa hivi hufikia atomi 20 katika kila 100.

Ya pili ni kuvutana. Kiongezwa hutakiwa kuvutana na metali kuu kuliko kila kimoja kivutanavyo na mwenziwe wa jinsi yake. Hapo myeyuko hushikamana, huwa mzito, na atomi husogea kwa shida. Zisizoweza kusogea haziwezi kujipanga.

Ya tatu ni joto la kuyeyuka. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1064 za sentigredi, na silikoni kwenye nyuzi 1414. Lakini zikichanganywa kwa kipimo maalumu, kiasi cha atomi 19 za silikoni katika kila 100, huyeyuka kwenye nyuzi 363 tu. Mchanganyiko wa namna hiyo hubaki majimaji hadi unapokuwa karibu na baridi ya kuganda kuwa kioo. Muda wa hatari, ambao fuwele zingeweza kuzaliwa, huwa mfupi.

Kadiri aina za atomi zilivyoongezwa kwa busara, ndivyo haja ya haraka ilivyopungua. Mwaka 1993 Peker na Johnson walitangaza aloi ya elementi tano, zirkoniamu, titaniamu, shaba, nikeli na beriliamu, iliyoweza kuwa kioo hata ikipozwa kwa kasi ya kiasi cha nyuzi moja kwa sekunde, na kwa unene wa sentimita kadhaa. Wakati mwingine kiasi kidogo sana chatosha. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba kuongeza atomi 1 au 2 hivi za yitriamu katika kila 100 za aloi ya chuma, kromiamu, molibdeni, kaboni na boroni kuliwezesha kupatikana fimbo ya kioo yenye kipenyo cha milimita 12. Yitriamu huikamata oksijeni iliyopotea ndani ya myeyuko, ambayo vinginevyo ingekuwa mbegu ya fuwele.

Kazi ya pili ya kiongezwa: kuzuia kutu

Hapa ndipo walimu wengi hukosea, nami nilikuwa miongoni mwao. Ni rahisi kudhani kwamba kiongezwa chochote kinachosaidia jambo la kwanza husaidia na la pili.

Chuma hushika kutu kwa sababu atomi zake huacha elektroni na kuingia katika maji, na oksijeni huzipokea elektroni hizo. Chumvi huharakisha mambo, kwani maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri. Stenlesi hujikinga kwa njia nyingine kabisa na ile ya bati la paa. Bati limepakwa zinki juu, na zinki huliwa kwanza badala ya chuma. Katika stenlesi kinga hutoka ndani: kromiamu, ambayo haipungui takriban asilimia 10.5 ya uzito, huungana na oksijeni na kufanya utando mwembamba usioonekana. Utando ukikwaruzwa hujirudia wenyewe, maadamu oksijeni ipo.

Lakini utando huo una adui. Kloridi, iliyomo katika chumvi ya kupikia na katika upepo wa bahari kule Tanga na Pangani, hutafuta mahali ambapo utando ni dhaifu: penye uchafu ndani ya metali, au penye mpaka wa fuwele uliopungukiwa kromiamu. Ikipapata hutoboa, na ndani ya tundu kutu huendelea kwa siri. Hivyo ndivyo vishimo vya kile kijiko. Kijiko kilikuwa stenlesi ya kweli, na mtoto alikuwa amesema kweli.

Sasa tutazame metali za kioo. Hazina mipaka ya fuwele, basi yaonekana hazina mahali dhaifu. Je, kioo chochote cha chuma hakishiki kutu? La. Kioo cha chuma, fosforasi na kaboni, kisicho na kromiamu, huliwa upesi kuliko hata chuma tupu chenye fuwele. Mwaka 1974 Naka, Hashimoto na Masumoto, wa Chuo Kikuu cha Tohoku huko Sendai, Japani, walieleza kilichotokea walipoongeza kromiamu. Ilipofikia atomi 8 katika kila 100, kutu haikuweza kupimika katika maji ya chumvi, na vishimo havikutokea, ilhali stenlesi ya kawaida, yenye kromiamu maradufu, hutobolewa.

Ajabu zaidi ni kazi ya fosforasi. Yenyewe huifanya aloi iyeyuke upesi pale mwanzo iingiapo katika asidi. Lakini katika kuyeyuka huko chuma huondoka na kromiamu hubaki, hata katika muda mfupi uso wa aloi ukawa umejaa kromiamu na utando ukawa imara. Kinachoharakisha uharibifu kisipokuwapo kromiamu ndicho kinachoharakisha kinga ikiwapo. Kwa hiyo hatuwezi kusema kiongezwa fulani ni "kizuri" au "kibaya" peke yake. Hutegemea kimeongezwa pamoja na nini.

Kadhalika kuna mipaka. Mtu aweza kudhani kwamba kwa kuwa kromiamu huzuia kutu, basi iongezwe bila kipimo. Lakini ikizidi, aghalabu joto la kuyeyuka hupanda na aloi hukataa kuwa kioo. Mtengenezaji wa aloi hupima baina ya mahitaji mawili, kama mpishi apimavyo chumvi na ndimu.

Hatua za kufundisha

Baada ya safari ile nilitayarisha vipindi vitatu pamoja na wanachuo wangu. Tulivijaribu chuoni kwanza, kisha darasani.

Kipindi cha kwanza: gololi na choroko. Mimina gololi za ukubwa mmoja katika sinia, lisogeze sinia polepole huku umeliinamisha kidogo. Gololi zitajipanga safu, kila moja ikizungukwa na sita. Wanafunzi wachore wanachokiona, pamoja na mipaka ambapo safu hazilingani. Kisha ongeza konzi ya choroko au kunde, urudie. Safu zitavunjika. Usiwaambie sababu, waulize, "Kilichobadilika ni nini?" Wao wenyewe watasema ni ukubwa.

Kipindi cha pili: sukari. Chukua sufuria mbili ndogo. Katika kila moja tia kikombe kimoja cha sukari na robo kikombe cha maji. Katika ya pili ongeza maji ya nusu ndimu. Chemsha zote mpaka tone likidondoshwa katika maji baridi livunjike kwa mlio. Epua, acha zipoe kidogo, kisha zikoroge zote mbili kwa muda uleule. Sukari tupu itageuka kuwa nyeupe yenye chenga: hizo ni fuwele. Yenye ndimu itabaki angavu kama kioo, au itachelewa sana kugeuka. Asidi ya ndimu huivunja sehemu ya sukari kuwa sukari za aina mbili nyingine, hivyo molekuli za aina tatu huzuiana kujipanga. Kisha mimina kidogo cha sukari tupu, kabla ya kukoroga, juu ya bati baridi lililopakwa mafuta, uonyeshe kwamba kupoza upesi nako husaidia. Wanafunzi watakuwa wameona njia zote mbili za kupata kioo: haraka, na kiongezwa.

Tahadhari: sukari inayochemka huunguza vibaya kuliko maji. Mwalimu ndiye ashike sufuria, na ndoo ya maji iwe karibu.

Kipindi cha tatu: misumari. Weka misumari safi katika chupa nne: moja kavu, moja yenye maji, moja yenye maji ya chumvi, na moja yenye maji yaliyokamuliwa katika jani la mkonge. Maji ya mkonge yana asidi, na huwasha ngozi; asiyashike mtu kwa mikono mitupu. Katika chupa ya tano tia kijiko cha stenlesi ndani ya maji ya chumvi. Wanafunzi waandike kila siku kwa muda wa majuma mawili. Wengi wa watoto wa Korogwe wana mzazi au jirani aliyefanya kazi katika mashamba ya mkonge, zao lililoletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf. Waagize wamwulize jinsi maji ya mkonge yanavyoharibu vyuma. Majibu yao yaandikwe ubaoni kama ushahidi, sawa na vitabu.

Mfano na mwisho wake

Mwalimu hana budi kusema mfano unaishia wapi. Gololi hazivutani, bali atomi huvutana. Ndimu huifanya sukari izae viongezwa vyake yenyewe, bali katika metali mtu huviongeza kwa mkono. Na sukari hugeuka kioo kwa dakika, wakati metali nyingi huhitaji sehemu ndogo sana ya sekunde. Mwanachuo mmoja aliogopa kwamba kusema haya kutawachanganya wanafunzi. Tuliona kinyume chake: walipoombwa kutafuta mahali ambapo mfano haulingani, ndipo walipoushika vizuri zaidi.

Yafaa pia kuondoa dhana kwamba elimu hii ni ya ng'ambo tu. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science jinsi wafua chuma wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, walivyopata chuma cha pua chenye kaboni kiasi cha miaka 1500 hadi 2000 iliyopita. Shimo la tanuri lilijazwa majani ya kinamasi yaliyochomwa, na hayo yalichangia kaboni. Jirani zetu wa Upare nao wana historia ndefu ya ukoo wa Washana, mafundi wa chuma. Kuongeza kitu kidogo ili kubadili metali ni kazi iliyojulikana katika nchi hii kabla ya shule zetu. Na manufaa yake yanaendelea: utepe wa kioo cha chuma, silikoni na boroni, mwembamba kuliko unywele, hutumika leo duniani katika vitovu vya transfoma za umeme, ambako hupunguza umeme unaopotea kitovuni kwa zaidi ya nusu.

Maswali ya kupima ufahamu

Mwalimu aepuke kuuliza "Taja faida tatu za aloi." Badala yake aulize: Kwa nini dhahabu tupu haiwi kioo kwa urahisi? Aloi isiyo na fuwele yaweza kushika kutu, eleza. Kijiko cha stenlesi kimetoboka ndani ya kopo la chumvi. Je, aliyekiuza alidanganya? Swali hili la mwisho halina njia ya kukaririwa.

Hitimisho

Baada ya miezi miwili nilirudi katika shule ile. Mwanachuo alikuwa amekwisha maliza mazoezi yake, lakini mwalimu wa darasa aliniruhusu kipindi kimoja. Nilianza kwa kuwaambia wanafunzi kwamba katika somo lile palitolewa jibu lisilo sahihi, na kwamba mimi mkufunzi nililisikia na nikalinyamazia. Darasa lilikuwa kimya kabisa. Kisha nikamwomba yule msichana, kama hatajali, atuletee kijiko.

Alikileta kesho yake kikiwa kimefungwa katika gazeti. Tulikitazama kwa lenzi, mmoja baada ya mwingine. Vishimo vilikuwapo, kila kimoja kikizungukwa na doa la hudhurungi, na pembeni mwake metali iking'aa kama mpya. "Kwa hiyo ni stenlesi," alisema, "ila chumvi ilipata mlango." Sikuwa na la kuongeza.

Ndugu walimu, mtoto akileta kitu kinachopingana na somo, tukitazame kitu kwanza. Kanuni iliyo ya kweli haitaharibika kwa kutazamwa, na iliyopungukiwa itakamilishwa. Kumwambia mtoto kwamba kijiko chake si cha kweli ni kumfundisha asiyaamini macho yake, na hilo ni hasara isiyofidiwa na alama za mtihani.